Udi Unaolaza

Harufu ya udi wa Bi Hasna ilikuwa haiji yote kwa mpigo. Kwanza lilikuja joto, kama mtu amefunua sufuria ya maziwa ya moto karibu na uso wako. Halafu ulikuja utamu, kwa sababu Bi Hasna hakupika udi wake kwa sukari kama wanavyopika wengine. Alipika kwa asali, ile nyeusi ya nyuki wa porini inayopandishwa kutoka Muze kwenye madumu ya njano. Mwisho kabisa, ukishadhani umemaliza kunusa, ndipo ulipoupata moshi, mbali kule nyuma, moshi mkavu wa mti, unaokaa kwenye kanga hata ukiifua mara tatu.

Lakini wanawake wa Sumbawanga hawakuununua kwa ajili ya harufu peke yake. Waliununua kwa sababu unalaza. Mzazi aliyekesha na kichanga siku nne akifukiziwa udi wa Bi Hasna, analala yeye na mtoto wake kama wamelishwa wali wa sherehe. Hivyo ndivyo walivyosema, na Bi Hasna hakuwakatalia. Alikuwa na duka dogo nyuma ya soko, kibaraza kimoja na rafu tatu, na kila kopo alilouza alilifunga mwenyewe kwa kitambaa na uzi, huku akitoa maelekezo yaleyale aliyopewa na mkwewe aliyetoka Tanga, miaka hamsini nyuma. Mkaa uwake kwanza nje mpaka uwe mwekundu wote, pasibaki kaa jeusi hata moja, maana jeusi ndilo lenye moshi mbaya. Ukishakuwa mwekundu, ingiza jiko ndani. Tia udi. Funga mlango, funga dirisha, harufu ishike nguo, ishike godoro, ishike na nywele za mtoto.

Na kama mtu alisema aliamka kichwa kinamgonga, Bi Hasna alijua jibu. Miski imezidi. Safari nyingine atapunguza.

Jumamosi hiyo ya mwezi wa saba upepo ulikuwa umeamka na watu. Ulipita sokoni ukipeperusha makaratasi, ukiingia mpaka kwenye mikono ya sweta. Bi Hasna alikuwa ametoka Pito, nje ya mji, alfajiri kwa mara ya kwanza baada ya siku tisa. Huko ndiko alikokuwa akimuuguza mjukuu wake Munira, aliyejifungua mtoto wa kiume, Lukmani, kitukuu cha kwanza cha Bi Hasna. Mume wa Munira, Azizi, alikuwa ameteremka Muze na lori kuchukua mpunga, na mama yake Azizi alikuwa njiani, angefika saa nane mchana. Mzazi haachwi peke yake, hilo Bi Hasna alilijua vizuri. Lakini kulikuwa na oda ya harusi, makopo ya kufunga, na ni asubuhi moja tu.

Saa nne kasoro robo Munira alipiga simu.

"Bibi, bwana yako hajalala tangu umeondoka," alisema. "Analia tu, anakutafuta."

"Ananitafuta mimi kwa sababu wewe mke mwenzangu hujui kumbembeleza," alisema Bi Hasna. "Ameshiba?"

"Ameshiba mpaka anacheua. Ni baridi, bibi. Miguu yake kama maji ya kisima."

"Basi ingiza jiko, utie na udi. Lile kopo liko juu ya kabati. Mkaa uwe mwekundu wote, umesikia?"

"Nimeshawasha kule uani, uko mwekundu kama nyanya. Ndiyo naingiza."

"Haya. Funga vizuri, mlale wote wawili. Nikimaliza hapa nakuja kumchukua mume wangu."

Munira akacheka, simu ikakatika. Bi Hasna akarudi kwenye uzi wake.

Haikupita robo saa akaingia Atusaye. Huyu alikuwa mwalimu wa sekondari, mwenyeji wa Mbeya, amehamishiwa Sumbawanga tangu Januari. Alikuwa mwanamke mnene wa kupendeza, mwenye kuvaa koti refu la sufu na kucheka kabla ya kusema. Mkononi alikuwa na kopo la udi limefunguliwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mama. Umeisha huo?"

"Haujaisha. Nimeurudisha," alisema Atusaye, akaliweka kopo juu ya meza. "Bibi, safari hii umenipunja."

"Nimekupunja wapi, mwalimu? Mbona kopo limejaa?"

"Harufu ipo. Nzuri, hata mwanangu anasema mama leo umekuwa keki. Lakini haulazi. Nimefukiza siku tatu mfululizo, natumbulia macho dari mpaka jogoo anawika. Lile kopo la kwanza ndilo lilikuwa udi. Lile nililala nikaota niko kwetu Tukuyu navuna chai."

Bi Hasna hakukasirika. Alikuwa mtu wa kusikiliza mpaka mwisho, kisha ndiyo aseme. Alilivuta kopo, akatia vidole, akanusa. Joto, asali, moshi. Akageuza chini ya kopo, akaona alama ya mkaa aliyoichora mwenyewe, mistari miwili.

"Mama, hili na lile la kwanza ni sufuria moja," alisema. "Nilipika siku moja, sinia moja. Nikikudanganya huu sio ule, nitakuwa nimekudhulumu."

"Basi mimi ndiye nimezoea."

"Unafukiza vipi?"

"Safari hii nafukiza kistaarabu. Mdogo wangu kaniletea chetezo cha umeme kutoka Dar. Unachomeka ukutani, dakika mbili tu kimeshika moto. Hakuna mkaa, hakuna majivu, hakuna kuchafua zulia."

"Na lile kopo la kwanza, ulifukiza vipi?"

"Lile, umeme ulikuwa umekatika wiki nzima, si unakumbuka? Niliweka jiko chumbani. Baridi ya kwenu hii, bibi, mtu hawezi kuvua koti. Nikafunga kila kitu." Atusaye akacheka. "Nililala hivyo mpaka wanafunzi wakanikosa kipindi cha kwanza. Ila kichwa, bibi, kichwa kilitaka kupasuka."

Bi Hasna alitaka kusema, miski imezidi. Mdomo ulishafunguka. Lakini miski ya kopo la kwanza na miski ya kopo hili ilikuwa miski ileile, ameipima mwenyewe kwa kijiko kilekile.

Alikaa ameshika kopo, Atusaye akadhani bibi anahesabu namna ya kumrudishia hela.

"Bibi, sio lazima unirudishie. Nilikuwa nakutania."

"Ngoja mama," alisema Bi Hasna. "Ngoja kwanza."

Alikuwa akifikiri polepole, kama anavyochambua mchele, punje hii na punje ile. Udi uleule, umeme, hakuna usingizi. Udi uleule, jiko la mkaa, usingizi na kichwa. Akaikumbuka harusi ya mwezi wa tano, alivyofukiza uani vyetezo sita chini ya turubai, watu zaidi ya mia, na hakupiga mtu hata mwayo mmoja. Akazikumbuka nyumba za zamani alizozifukiza, za udongo, na jinsi upepo ulivyokuwa ukipita kati ya ukuta na bati. Huko walikuwa wakisinzia kidogo tu. Waliosema udi wake unalaza sana, wanaoamka wakijikongoja, wote walikuwa watu wa nyumba mpya. Nyumba ya mkwewe kule Tanga, mahali alipojifunza, ilikuwa na matundu juu ya kila mlango, yamechongwa kama maua, na hakuna mtu aliyewahi kulala kwa sababu ya udi. Ulikuwa unanukia tu.

Usingizi haukuwa wake. Miaka yote hii watu walikuwa wakimsifu kwa usingizi wa mkaa.

Tena mkaa mwekundu, usio na moshi wala harufu ya kumwamsha mtu. Na kama ungekuwa na harufu, udi wake ungeifunika.

Kopo lilimtoka mkononi, likamwagika mezani. Alichukua simu, akampigia Munira. Ikaita. Akasikiliza ule mlio mpaka ulipokwisha, akapiga tena. Ikaita.

"Vipi, bibi?" Atusaye aliuliza.

"Mjukuu wangu hapokei."

"Si amelala."

Bi Hasna alimtazama, na Atusaye hakumaliza kucheka.

"Una gari, mwalimu?"

"Liko hapo nje."

"Nipeleke Pito. Nitakueleza njiani."

Hakufunga duka. Alichukua mtandio tu.

Kigari cha Atusaye kilikuwa kidogo, cheupe, na ndani kilinukia udi, kwa sababu kopo lilikuwa limesafiri nacho. Bi Hasna aliteremsha kioo mpaka chini. Upepo uliingia ukawapiga usoni wote wawili. Atusaye alikuwa ameshaelezwa, maneno machache tu, na yeye alikuwa akikumbuka ile asubuhi aliyokosa kipindi.

"Aliweka saa ngapi?" aliuliza.

"Saa nne kasoro."

"Sasa hivi ni saa nne na nusu."

"Najua, mama."

"Labda ameacha mlango wazi."

"Nimemwambia afunge," alisema Bi Hasna. "Nimemwambia kwa mdomo wangu, afunge vizuri walale wote wawili."

Walipotoka mjini barabara ikawa ya vumbi. Mbele yao kulikuwa na mkokoteni wa ng'ombe umejaa magunia ya mahindi, umekaa katikati, na mwenyewe, mzee mmoja, anatembea pembeni amejifunika blanketi. Atusaye akapiga honi. Yule mzee akainua mkono kuwasalimu. Akapiga tena, wale ng'ombe wakasogea kwa raha zao, mguu mmoja, mwingine. Bi Hasna alikuwa amepiga simu mara ya sita. Vidole vyake vilinata kwa asali, na kila alipopeleka simu sikioni alijinusa mwenyewe, lile joto, ule utamu. Kwa miaka hamsini alikuwa hajawahi kuichukia harufu ile.

Alijaribu kukumbuka chumba. Azizi alijenga nyumba ile mwaka jana, na alikuwa akiisifia kila mgeni anapoingia. Dirisha la aluminiamu la kusukuma, lina raba pembeni, vumbi haliingii. Dari ya bodi nyeupe. Mlango umechongwa Mpui, mbao ngumu, umekaa kwenye fremu yake kama kifuniko kwenye kopo. Mwezi wa sita, baridi ilipozidi, Bi Hasna mwenyewe ndiye aliyeshona mfuko wa kitambaa, akaujaza mchanga, wa kuziba ule upenyo wa chini ya mlango. Aliushonea ua kwa uzi mwekundu.

"Ongeza mwendo, mwanangu," alisema.

"Naongeza, bibi. Ni mashimo."

Nyumba ilikuwa ya mwisho kabla ya shamba la ngano. Geti lilikuwa limerudishwa tu. Uani kulikuwa na alama nyeusi pale jiko lilipowashiwa, na nepi sita kwenye kamba zikipepea. Bi Hasna alisimama katikati ya uwanja akanusa.

Hakukuwa na kitu.

Nyumba inayofukizwa udi wa Bi Hasna unaijua ukiwa barabarani, unapita unageuka. Hii ilikuwa hainukii hata chembe. Harufu yote ilikuwa ndani, na kilichokuwa pamoja nayo kilikuwa ndani vilevile.

"Munira!" Atusaye aliita, akagonga mlango wa mbele. "Munira, mama!"

Kimya. Mlango umefungwa kwa ndani. Wakazunguka kwenye dirisha la chumbani, pazia limeshushwa. Atusaye aligonga kioo kwa ngumi, kisha akaokota mchi uliokuwa umelazwa juu ya kinu, akapiga nao kati ya nondo. Kioo kikaanguka vipande vipande, na harufu ikatoka. Ilitoka moto, tamu, nzito, ikawaangukia usoni kama pumzi ya mtu aliyekuwa akingoja nyuma ya pazia. Atusaye akarudi nyuma hatua mbili.

Nondo zilikuwa nene, hapakuwa na pa kupita. Kupitia pengo la pazia Bi Hasna aliona jiko, jekundu, zuri, halina moshi hata uzi mmoja. Aliona kisigino cha Munira pembeni ya kitanda. Hakikusogea.

"Mlango wa jikoni," alisema, akakimbilia nyuma. "Hapa, piga hapa." Akaweka kiganja chake juu ya mbao, kwa kuwa alikuwepo siku fundi alipotia komeo, na alimpikia chai akimwangalia. "Sio katikati. Hapa juu kidogo."

Atusaye alipiga mara tatu. Mara ya nne skrubu zikang'oka.

Bi Hasna alitangulia. Aliufungua mlango wa chumba kwa bega, ule mfuko wa mchanga ukasukumwa na mlango, ukakwaruza sakafu. Alijikaza asivute pumzi. Munira alikuwa amelala ubavu, mkono mmoja juu ya mtoto, mashavu yamemwiva, mdomo mwekundu kama aliyepaka rangi. Mtu ambaye hajui angesema amependeza. Bi Hasna alimnyanyua Lukmani pamoja na blanketi lake, akatoka naye mbio mpaka uani, mwanamke wa miaka sabini na mbili ambaye ngazi mbili humpumzisha.

Mtoto alikuwa wa moto na mlegevu. Kichwa kiliangukia kwenye kiwiko chake kama si cha mtu.

Kichanga cha siku tisa hakipigwi na upepo. Hilo Bi Hasna aliwafundisha wanawake wote aliowahi kuwauguza. Akamfungua blanketi, akamvua kofia, akamfungua vifungo vya sweta aliyomfumia yeye, akamgeuza kifua wazi kwenye upepo wa mwezi wa saba. Akamsugua mgongo. Akampuliza usoni.

"Bwana yangu," alisema. "Lukmani. Nimekuja kukuchukua, si ulikuwa unanitafuta. Nimekuja."

Nyuma yake Atusaye alikuwa akimburuta Munira kwenye mkeka, akipumua kama anayelima. Bi Hasna hakugeuka. Alikuwa anakitazama kile kifua kidogo, mbavu zake kama vijiti vya kiberiti, na hakuwa na uhakika kama zinapanda au ni upepo unazichezea. Akahesabu mpaka kumi na moja. Aliogopa kufika kumi na mbili, akaanza upya.

Mtoto akapiga chafya.

Ilikuwa chafya ndogo, kama ya paka. Halafu akakunja uso wote, akakaa hivyo muda mrefu bila sauti, na sauti ilipokuja ilikuwa nyembamba, imekwaruza, ya hasira. Bi Hasna alikaa chini palepale kwenye vumbi, akamwacha alie. Pembeni Munira alianza kutapika, na Atusaye, amemshika kichwa, alikuwa akisema, "Toa mama, toa yote," huku machozi yake yakimdondokea Munira kwenye nywele.

Hospitali waliwekewa hewa, mama kwa barakoa kubwa, mtoto kwa ndogo. Daktari alisema watalala hapo siku mbili waangaliwe, na hakutaka kusema zaidi juu ya mtoto mpaka kesho. Bi Hasna hakumlazimisha. Alikaa kwenye benchi pembeni ya kitanda, mikono ameinawa mara nne kwa sabuni ya kufulia.

Munira alifumbua macho. Akasogeza barakoa kidogo.

"Bibi. Udi ulinilaza vizuri, nikasahau hata simu."

"Rudisha hiyo kitu puani."

"Kichwa, bibi. Miski imezidi?"

Angeweza kusema ndiyo. Mjukuu wake alikuwa mgonjwa, angeridhika, na duka nyuma ya soko lingebaki kama lilivyokuwa.

"Hapana," alisema Bi Hasna. "Udi wangu hauna usingizi, mjukuu wangu. Haujawahi kuwa nao. Ni mkaa. Kidogo niwaue."

Munira alimwangalia kama haelewi, kisha akafumba macho tena. Bi Hasna alingoja mpaka akaona barakoa inaingia ukungu na kutoka ukungu, inaingia na kutoka. Halafu akamwomba Atusaye akae pale, asiondoe macho kwa mtoto, na yeye akatoka kwenye korido na simu yake.

Alikuwa hana daftari la wateja. Alikuwa nao kichwani, kwa watoto wao. Nani kajifungua mwezi huu, nani wiki hii, nani ana nyumba ya vioo. Akaanza na aliyemtisha zaidi, Kalista, mke wa fundi wa baiskeli huko Mpui, aliyejifungua mapacha Jumanne, na makopo mawili alishayachukua mapema. Ilikuwa saa saba mchana, na upepo ulikuwa bado unavuma.

Ikaita. Ikaita tena. Bi Hasna aliegemea ukuta.

"Haloo," sauti ilisema, nzito, ya mtu aliyetolewa mbali. "Shikamoo bibi."

"Kalista, salamu baadaye. Jiko liko wapi?"

"Liko hapa chumbani. Nilikuwa nimesinzia kidogo na hawa—"

"Nyanyuka. Beba watoto, toka nao nje."

"Bibi, nje baridi, watoto wata—"

"Wataona baridi, hawatakufa. Nyanyuka mwanangu. Usikate simu, nataka niusikie mlango."

Alisikia kitanda kikilia. Alisikia kitu kikigongwa, labda kiti, na mtoto mmoja akiguna. Kisha kimya kirefu, kirefu sana, Bi Hasna amekandamiza simu sikioni mpaka sikio linauma. Halafu komeo, na baada ya komeo, upepo.

"Nimetoka," alisema Kalista. "Bibi, mbona naona kizunguzungu?"

"Kaa chini hapohapo. Mwite mumeo. Wote wawili wanalia?"

"Mmoja."

"Mfinye mwingine," alisema Bi Hasna.

Akasikia kilio cha pili. Akamweleza Kalista, polepole, kila kitu, na kwamba asifukize tena ndani, na kwamba wasichelewe, waje hospitali wote. Kisha akafuta kioo cha simu kwa upindo wa kanga, akatafuta jina la anayefuata.